Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu wilayani kwetu: Kiangazi hiki watoto waacheni watazame juu

Mei 2026

Kwa: Afisa Elimu Sekondari, Wathibiti Ubora wa Shule, Wakuu wa Shule na Wajumbe wa Bodi za Shule

Ndugu Viongozi,

YAH: RATIBA YA MASOMO YA MTANDAONI NA MAFUNZO YA ANGA MSIMU WA KIANGAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Tangu nilipokabidhi chaki nimekuwa nikijitolea kulea klabu za anga katika shule chache za sekondari hapa Kanda ya Kati. Sitaji wilaya wala shule, maana nia yangu si kumchafua mtu, na mnaohusika mtajitambua wenyewe. Barua zangu za kawaida zilipokelewa masjala na kugongwa muhuri, safari yake ikaishia hapo. Nilipofuatilia niliambiwa jalada liko kwa mkubwa. Nilipoomba kumwona mkubwa, nikaambiwa yuko kikaoni. Kikao hicho nadhani kinaendelea hadi leo, ndiyo sababu naandika hadharani.

Kabla hamjanihesabu miongoni mwa wazee wanaoogopa kompyuta, niseme hivi. Masomo ya mtandaoni nayaunga mkono. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa zote tarehe 29 Juni mwaka ule, tuliona nani aliachwa nyuma: ni mtoto asiye na simu, umeme wala kitabu. Walimu walipogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, nilifurahi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania naifungua mara kwa mara, na kitabu cha bure hakina mpinzani.

Ninachopinga ni namna kipindi cha mtandaoni kilivyopangwa na kulipiwa wilayani kwetu, hata kimeondoa mafunzo ya anga kwenye ratiba na kuweka mahali pake picha za anga la watu wengine. Malalamiko yangu ni haya.

1. Saa ya anga imechukuliwa na skrini.

Katika shule zetu za bweni, kipindi cha mtandaoni kimewekwa kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Naelewa kilivyofika hapo: mchana kuna vipindi vya kawaida, na usiku bando ni nafuu. Lakini hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi angetoka nje dakika ishirini, akatazama, akaandika kwenye daftari, akarudi kwenye prepo yake.

Nitoe mfano mmoja. Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Kivuli cha dunia kilianza kuula saa 1:27 usiku kwa saa zetu, na kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 mwezi mzima ulikuwa mwekundu kama shaba. Ni dakika 82 za kupatwa kamili, saa ambayo hakuna mtoto aliyelala, kwenye mbingu ya Septemba isiyo na wingu. Haikuhitaji darubini wala senti tano. Siku kadhaa kabla, nilimwomba mkuu wa shule mojawapo awaruhusu wanafunzi watoke kidogo. Jibu lilikuwa kwamba mfumo unahesabu mahudhurio, na kikundi kikitoka, shule itaonekana nyekundu kwenye ripoti ya wilaya.

Basi usiku ule nilikuwa uwanjani na mpishi, mlinzi na mbwa wa mlinzi. Watoto walikuwa ndani, mapazia yamefungwa ili projekta ionekane vizuri, wanasoma Kemia. Dirisha la mwisho lilikuwa na pazia fupi, na wawili watatu waliokaa karibu nalo waligeuza shingo hadi mwalimu wa zamu akawakemea. Sina ugomvi na Kemia. Kipindi kile kimerekodiwa, na hata leo mtu anaweza kukifungua akakisikiliza upya. Mwezi wa usiku ule haufunguliki tena.

2. Anga linalofundishwa si letu.

Programu iliyonunuliwa ina sehemu nzuri sana kwa macho iitwayo anga la misimu. Nimeipitia yote. Misimu yake ni minne: kuchipua kwa majani, joto, kupukutika, na baridi yenye theluji. Zoezi la kwanza linamwagiza mwanafunzi atafute Nyota ya Kaskazini na apime urefu wake kutoka upeo wa macho.

Ndugu Viongozi, Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta. Nyota ya Kaskazini iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya mbingu, kwa hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima, usiku na mchana. Binti mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza, "Mwalimu, hii nyota inatokea upande gani wa bweni letu?" Nikamwambia haitokei upande wowote. Akaniuliza tena, kwa adabu zote, kwa nini basi ina alama kumi kwenye mtihani.

Swali jingine linauliza kundi la Jabari, lile lenye nyota tatu zilizopangana mstari, huonekana jioni katika msimu gani. Jibu "sahihi" ni msimu wa baridi. Kwetu Jabari hutawala jioni za Januari na Februari, mvua zinanyesha, mahindi yako kifuani. Mtoto anayejua hivyo hana hata kisanduku cha kutia alama, kwa kuwa msimu wa mvua haumo kwenye orodha.

Kuna pia kalenda ya matukio. Kwa mwaka huu imeweka kwa wino mwekundu kupatwa kwa jua kwa tarehe 12 Agosti, ambako kutaonekana kikamilifu Greenland, Iceland na Hispania, na hapa kwetu hakutaonekana hata kidogo. Imeweka na vimondo vya Perseidi vya usiku huohuo, ambavyo kwetu kitovu chake, yaani sehemu ya anga vinapoonekana kutokea, hakipandi juu hata kabla ya alfajiri, hivyo tunaviona vichache. Vimondo vya mapema Mei, vinavyotokana na vumbi la nyotamkia ya Halley na ambavyo sisi wa tropiki tunaviona vizuri kuliko Wazungu wa kaskazini, kalenda haikuvitaja. Wala haikutaja kwamba tarehe 9 Juni sayari za Zuhura na Mshtarii zitakuwa zimekaribiana upande wa magharibi baada ya magharibi, zote mbili ziking'aa hata mtu anayetoka kisimani atazigundua.

3. Mtoto anasahihishiwa alichokiona kwa macho yake.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Huku kwetu mwezi mwandamo hulala. Pembe zake mbili hutazama juu, tumbo likiwa chini, kwa sababu karibu na Ikweta jua na mwezi huzama wakishuka karibu wima, na upande unaong'aa ndio unaoelekea jua lililokwisha zama chini yake. Ulaya mwezi huohuo huonekana umesimama kwa ubavu. Mwezi ni mmoja, tofauti ni mahali mtazamaji aliposimama.

Mwanafunzi mmoja wa klabu alipewa zoezi la kuchora hatua za mwezi. Hakunakili kwenye skrini. Alitoka nje jioni kadhaa mfululizo, akachora alichokiona, na chini ya kila mchoro akaandika saa na mti ambao mwezi ulikuwa juu yake. Mwandamo wake umelala vizuri kabisa. Alipopiga picha mchoro na kuupakia kwenye mfumo, alirudishiwa alama ya kosa pamoja na picha ya mwezi uliosimama, na maneno yanayomtaka "ajaribu tena". Akajaribu tena. Safari ya pili alichora uliosimama, akapewa alama zote.

Daftari lile ninalo. Ukurasa wa kushoto una sayansi na ukurasa wa kulia una alama. Nawaomba Wathibiti Ubora walione kwa macho yao, nitalileta ofisini siku yoyote nitakayoambiwa kikao kimekwisha.

4. Msimu wetu haumo kwenye azimio la kazi.

Katika maazimio ya kazi ninayoonyeshwa, mada ya mfumo wa jua hufundishwa mapema mwaka, Kidato cha Kwanza wakiwa bado wapya. Hiyo ni Februari na Machi, mbingu imefunikwa. Kuanzia Mei hadi Oktoba, anga la Kanda ya Kati likiwa jeusi na kavu, mada imeshapita na mwalimu yuko mbali.

Wazee walikuwa na mpangilio bora. Wanasema juu ya Kilimia, lile fungu dogo la nyota: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi huu wa Mei Kilimia kimepotea kwenye mwanga wa jua, kimezama na masika. Ndani ya Juni kitazuka alfajiri upande wa mashariki, kipupwe kimeingia. Hilo tayari ni zoezi la uchunguzi: amka saa 11 alfajiri, andika tarehe uliyokiona mara ya kwanza, linganisha na wa shule nyingine, linganisha na mwaka uliopita. Bibi zao walilijua bila bando.

Na usiku wa Mei wenyewe! Katikati ya mwezi huu, saa 3 usiku, ukisimama uwanjani hapa Kanda ya Kati, Salibu imesimama wima upande wa kusini, na ukigeuka nyuma Dubu Mkubwa yuko kaskazini, miguu juu. Makundi yote mawili ya nyota kwa wakati mmoja. Mtoto wa London hawezi kuiona Salibu akiwa kwao, na wa Cape Town hampati Dubu Mkubwa mzima. Wetu anawaona wote wawili kwa kugeuza shingo. Ikifika Julai na Agosti, kundi la Nge hupanda karibu na utosi, mkia wake ukiwa umezama kwenye ule ukanda mweupe unaoelekea katikati ya galaksi yetu. Wageni hulipa nauli za ndege waje kuona hicho.

5. Gharama.

Nitasema kwa ufupi. Wazazi wanachangia bando na mafuta ya jenereta kwa ajili ya video ambazo nyingi zingeweza kupakuliwa mara moja na kuchezwa bila mtandao. Programu ya Stellarium ni ya bure, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na mwalimu anaweza kuiandikia Dodoma, Singida au Manyoni ikamwonyesha anga la hapo kwa tarehe na saa anayotaka. Tunalipia anga la ugenini na la kwetu liko bure.

Najua majibu yanayokuja, mengine nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema usiku si salama, hasa kwa wasichana. Ni hoja ya kweli na siichezei. Ndiyo maana siombi mtoto wa kutwa arudi shule usiku. Wa bweni wako ndani ya uzio, na matroni, patroni na mlinzi wapo. Dakika ishirini uwanjani chini ya usimamizi si hatari kuliko kutembea kutoka bwalo hadi darasani. Wa kutwa wana jua, nalo ni nyota.

Mtasema hakuna vifaa. Macho yapo. Kijiti kipo. Shule yenye darubini ni heri yake, lakini hakuna hata moja ya yale niliyotaja juu inayohitaji kioo.

Mtasema haitoki kwenye mtihani. Mfumo wa jua umo kwenye Jiografia, vivuli na pembe vimo kwenye Hisabati, mwanga na uvutano vimo kwenye Fizikia. Labda kisichotoka ni alama ya mwandamo uliolala, na hapo wa kulaumiwa ni mtungaji.

Mtasema maelekezo ya TEHAMA yametoka juu. Nami nasema tekelezeni, ila TEHAMA imtoe mtoto nje. Nitaeleza ninavyoiona.

Jumatano ya tarehe 23 Septemba mwaka huu jua litakuwa juu ya Ikweta. Shule moja ya Arusha na moja ya Songea zisimike kila moja kijiti cha mita 1, wima kwa timazi, kwenye sakafu tambarare. Kuanzia saa 6:10 hadi saa 6:45 mchana wapime kivuli kila baada ya dakika mbili na kuchukua kile kifupi kuliko vyote. Arusha watapata karibu sentimita 6. Songea watapata karibu sentimita 19. Watumiane vipimo kwa simu wakati huohuo, wabadili vivuli kuwa pembe: nyuzi 3.4 na nyuzi 10.7. Tofauti ni nyuzi 7.3. Kwenye ramani, kutoka Arusha kushuka kusini hadi usawa wa Songea ni kilomita zipatazo 810. Gawanya 360 kwa 7.3, zidisha kwa 810. Watoto watakuwa wameipima dunia yote, karibu kilomita 40,000, kwa kijiti na ujumbe wa simu. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, naye hakuwa na mtu wa kumtumia ujumbe kutoka Aswan.

Hapo ndipo mtandao unapolipa bando lake. Shule moja peke yake haiwezi kufanya zoezi hilo. Zinahitajika mbili zinazoongea, na hilo projekta pekee haliwezi kulitoa. Wiki mbili baadaye, karibu tarehe 9 Oktoba, jua la adhuhuri litapita utosini pa Dodoma na nguzo ya bendera itakosa kivuli. Ipigeni picha muwatumie wenzenu wa Songea, waeleze kwa nini wao bado wanacho kwa siku kadhaa.

Kuna tarehe nyingine ambayo sitaki itukute tumefunga mapazia. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Luxor, Misri, giza kamili litadumu zaidi ya dakika sita. Hapa Tanzania tutaona kupatwa kwa sehemu, mchana, watoto wakiwa shuleni. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, watu walifunga safari hadi Rujewa, Mbarali, kuona jua likibaki pete, na watu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania walikuwepo kulieleza tukio hilo kwa umma. Wataalamu wa kutusaidia tunao. Lakini miwani ya kutazamia jua yenye kiwango cha ISO 12312-2 haiagizwi wiki moja kabla, na mtoto asiyefundishwa atatazama kwa filamu ya eksirei au kioo kilichopakwa masizi, aharibu macho. Asiye na miwani afundishwe kusimama chini ya mwembe na kutazama ardhini, ambako kila tundu kati ya majani litachora jua lililomegwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kipindi cha mtandaoni katika shule za bweni kisogezwe au kikatwe dakika ishirini, angalau usiku mmoja kwa wiki kuanzia Julai hadi Oktoba, na mfumo wa mahudhurio uwe na sehemu ya "uchunguzi wa nje" ili shule isiadhibiwe kwa kufundisha.

(b) Maswali ya Nyota ya Kaskazini, misimu minne na mwezi uliosimama yaondolewe au yarekebishwe, na wanafunzi waliokatwa alama kwa kuchora walichokiona warudishiwe. Niko tayari kufanya kazi hiyo ya marekebisho bila malipo, na walimu wawili wa Jiografia wameshakubali kusaidia.

(c) Vitendo vya mada ya mfumo wa jua vihamishiwe muhula wa pili kwenye maazimio ya kazi, hata kama nadharia itabaki Februari.

(d) Wilaya iteue mtu mmoja wa kuratibu maandalizi ya tarehe 2 Agosti 2027, na jina lake litangazwe kabla ya mwaka huu kwisha.

(e) Mkataba wa programu hiyo usihuishwe hadi mtu aliyesimama usiku kwenye uwanja wa shule ya Kitanzania awe ameikagua.

Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa Julai. Likipatikana nitalibandika palepale nilipoibandika barua hii, liwe zuri au baya. Lisipopatikana, nitaandika tena Agosti, na safari hiyo nitaambatanisha kurasa mbili za daftari nililolitaja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia na mlezi wa klabu za anga

Nakala: Kamati za wazazi za shule husika, wanafunzi wa klabu (wabandike ubao wa matangazo)